Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu rekodi za shoo za Grateful Dead

Grateful Dead ni bendi ya roki iliyoanza California mwaka 1965 na ikasimama mwaka 1995, baada ya kufariki Jerry Garcia, mpiga gita la solo na mwimbaji wake. Katika miaka hiyo 30 ilipiga shoo takriban 2,300, na sehemu kubwa ya shoo hizo ilinaswa kwenye mikanda, ama na mafundi mitambo wa bendi, ama na mashabiki walioingia ukumbini na maikrofoni zao. Shoo moja huweza kuwa na rekodi tano, kumi au zaidi, na hakuna mbili zinazosikika sawa.

Karibu kila jibu hapa chini linarudi kwenye jambo moja: nasaba ya rekodi. Ilinaswa wapi, kwa chombo gani, na imenakiliwa mara ngapi kabla ya kukufikia? Asiyejua hayo hulaumu bendi kwa makosa ya mkanda.

Nyimbo si zile zile? Kwa nini nisikilize shoo 50 za bendi moja?

Nyimbo ni zile zile, upigaji ndio unaobadilika. Aliyezoea muziki wa dansi anajua jinsi bendi inavyoweza kushikilia chemko ukumbini kwa dakika nyingi kuliko kwenye santuri, kwa kuwa wapigaji wamepata moto na wachezaji hawajachoka. Grateful Dead waliigeuza hali hiyo kuwa kazi yao ya kila usiku. "Dark Star" ilipotoka kwenye santuri ndogo mwaka 1968 haikufika dakika tatu. Tarehe 27 Februari 1969, ukumbi wa Fillmore West, San Francisco, ilipita dakika 23. Rotterdam, tarehe 11 Mei 1972, ilizidi dakika 40. Mara nyingi walichagua wimbo unaofuata wakiwa jukwaani, na nyimbo mbili au tatu ziliunganishwa bila kusimama. Kwenye orodha za nyimbo utaona alama ya > kati ya majina mawili: maana yake wa kwanza uliingia ndani ya wa pili bila muziki kukatika.

SBD, AUD, FM na MTX ni nini?

SBD ni rekodi iliyochukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye mikisa, yaani meza ya kuchanganyia sauti. AUD imenaswa kwa maikrofoni katikati ya watazamaji. FM ni matangazo ya redio yaliyorekodiwa na msikilizaji nyumbani. Masafa yake huishia karibu kHz 15, na ukitazama picha ya masafa mara nyingine utaona mstari mwembamba kwenye kHz 19, ambao ni alama ya stirio ya redio yenyewe. MTX ni mchanganyiko wa SBD na AUD.

Kuna pia FOB, yaani AUD iliyonaswa mbele ya mikisa, karibu zaidi na spika. Hadi mwaka 1984 warekodi walijipanga popote, na misitu ya stendi za maikrofoni ilikuwa ikimziba fundi mitambo asione jukwaa. Kuanzia shoo ya tarehe 27 Oktoba 1984 pale Berkeley Community Theatre, bendi iliwatengea warekodi eneo lao rasmi nyuma ya mikisa, na tiketi zake. Ndiyo maana rekodi za FOB za baada ya hapo ni chache: aliyezinasa alikuwa nje ya eneo lake.

Basi SBD ndiyo bora siku zote?

Hapana, na hili ndilo kosa la kwanza la kila mgeni. Kinachopita kwenye mikisa ni kile tu ambacho ukumbi unahitaji kuongezewa. Kwenye ukumbi mdogo, amplifaya za magita jukwaani zinatosha kuwafikia watu wote, kwa hiyo fundi huyapeleka magita kidogo sana kwenye mikisa, na sauti za waimbaji huzipeleka nyingi. Ukisikiliza SBD ya ukumbi wa namna hiyo utasikia waimbaji wamekaa puani mwako, gita liko mbali, ngoma ni kavu, na watazamaji kama hawapo. AUD nzuri ya usiku huo huo itakupa mizani waliyoisikia waliokuwepo.

Mwaka 1974 ni mfano wa pekee. Bendi ilitumia mfumo wa spika ulioitwa Wall of Sound, uliosimama nyuma ya wanamuziki wenyewe. Ili sauti ya spika isirudi kwenye maikrofoni na kupiga yowe, kila mwimbaji alikuwa na maikrofoni mbili zilizounganishwa kinyume: alichoimba kwenye moja kilipita, na kilichofika kwa zote mbili kwa pamoja kilijifuta. Mbinu ilifanya kazi, lakini iliacha sauti za waimbaji nyembamba, zisizo na kifua, na hivyo ndivyo zilivyo kwenye mikanda ya mwaka huo. Usihangaike kuzitengeneza kwa kuongeza besi. AUD za 1974 zinastahili kusikilizwa kwa makini, maana ndizo zilizounasa ule mfumo wenyewe ukifanya kazi.

Upande wa pili wapo mafundi waliochanganya sauti maalumu kwa ajili ya mkanda, tofauti na ile ya ukumbini. Betty Cantor-Jackson ndiye maarufu zaidi, na rekodi zake za miaka ya 1970 zinajulikana kama Betty Boards. Mashabiki walizipata baada ya mwaka 1986, mikanda hiyo ilipouzwa kwa mnada kwa sababu kodi ya ghala ilipohifadhiwa haikulipwa. Hizo ni SBD, lakini mizani yake ni ya mtu aliyekuwa akimfikiria msikilizaji wa nyumbani. Ukiona SBD mbili za mwaka mmoja zinatofautiana kama usiku na mchana, anza kutafuta sababu hapo.

Nimeambiwa nisikilize 5/8/77. Mbona sioni shoo ya tarehe 5 Agosti?

Wamarekani huanza na mwezi. 5/8/77 ni tarehe 8 Mei 1977, ukumbi wa Barton Hall, Chuo Kikuu cha Cornell. Kwenye majina ya faili mwaka hutangulia, 1977-05-08, na huo ndio mpangilio wa kutumia kwenye maktaba yako: faili zitajipanga zenyewe kwa mfuatano wa wakati.

Na Cornell kweli ndiyo shoo bora kuliko zote?

Ni shoo nzuri sana, na imenaswa vizuri kuliko nyingi. Hayo ni mambo mawili tofauti, na sifa zake zimetokana na yote mawili. Mkanda wa Betty ulienea miongoni mwa mashabiki ukiwa safi wakati wengi walikuwa wakivumilia nakala za kaseti zilizofifia. Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza kwenye orodha yake ya kitaifa ya rekodi za kuhifadhiwa, katika uteuzi wa mwaka 2011, na toleo rasmi lilitoka mwaka 2017. Yapo masikio mengi, na yenye uzoefu, yanayoziweka sawa nayo shoo nyingine za Mei hiyo hiyo.

Nianzie wapi?

Sikiliza vipindi kwanza, ubora wa shoo utaujua baadaye. Kwa mwaka 1969 chukua Fillmore West, tarehe 27 Februari hadi 2 Machi: gita kali na kinanda cha ogani, nyimbo ndefu. Kwa 1972 chukua Veneta, Oregon, tarehe 27 Agosti, iliyopigwa kwenye jua kali kiasi kwamba vyombo vilikuwa vikipoteza tyuni mchana kutwa. Ivumilie hiyo kasoro, upigaji ni wa hali ya juu. Kwa 1977, Cornell. Kwa 1990, Nassau Coliseum, tarehe 29 Machi, ambapo Branford Marsalis alipanda na saksofoni. Baada ya hizo nne utajua sikio lako linaelekea wapi. Angalia pia nani yuko kwenye kinanda, kwa sababu kiti hicho ndicho kilichobadilika mara nyingi: Pigpen hadi 1972, Keith Godchaux 1971 hadi 1979, Brent Mydland hadi kifo chake Julai 1990, kisha Vince Welnick, akisaidiwa na Bruce Hornsby hadi 1992.

Jina la faili lina vifupisho vingi. Nisomeje?

Chukua mfano wa umbo hili: gd1985-xx-xx.aud.nak300.12345.flac16. "gd" ni bendi, kisha tarehe, kisha aina. "nak300" ni maikrofoni, hapa Nakamichi 300. Utakutana pia na "senn" kwa Sennheiser na "schoeps". Namba ni ya usajili wa nakala hiyo kwenye hifadhidata za mashabiki, na ndiyo ya kutaja unapozungumzia rekodi, maana "ile AUD ya 1985" haimsaidii mtu. "flac16" ni FLAC, yaani faili ya sauti iliyobanwa bila kupoteza kitu, ya biti 16, kiwango cha CD. "Flac2496" ni biti 24 kwa kHz 96. Ukikuta "sbeok", mwandaaji amehakikisha nyimbo zimekatwa kwenye mipaka ya sekta za CD, yaani kila sampuli 588, ili zisitoe mlio wa "tik" zikichomwa kwenye diski.

Ndani ya folda kuna faili ya maandishi. Humo utaona mnyororo kama huu: MAC > DAT > CDR > FLAC. MAC ni kaseti asilia ya mrekodi, DAT ni kaseti ya dijitali, CDR ni CD ya kurekodia, MSR ni mkanda asilia wa rili kutoka kwenye mikisa, na kila alama ya > ni hatua moja ya kunakili. Usiifute faili hii kamwe. Rekodi isiyo nayo ni rekodi isiyo na wazazi, na hakuna atakayejua kama ameshalipata toleo bora zaidi.

Vizazi vya kaseti vina madhara gani hasa?

Kila nakala ya kaseti huongeza tabaka lake la ile "shhh" ya mkanda. Nakala ya kwanza huleta takriban desibeli 3 juu ya kelele ya mkanda asilia. Zikifika tabaka nne, ni desibeli 6. Sauti nyembamba za juu hupungua kila mara, na kuyumba kwa mota ya kila deki hujilimbikiza juu ya kule kulikotangulia, hadi noti ndefu ya kinanda inatetemeka. Kibaya kuliko vyote ni Dolby, mfumo wa kupunguza kelele ya mkanda, iliyotumika ovyo: mkanda uliorekodiwa kwa Dolby B ukichezwa bila kuifungua hutoka mkali na wenye kelele, na usiorekodiwa nayo ukifunguliwa hutoka umezibwa kama umefunikwa blanketi. Nakala za dijitali hazina vizazi kwa maana hii, mradi hazikupita kwenye MP3.

Kwa nini wimbo unakatika katikati kwa sekunde kadhaa?

Mrekodi alikuwa akigeuza kaseti. Kaseti ya dakika 90 ina dakika 45 kila upande, na sehemu ya pili ya shoo mara nyingi ilizidi hapo. Waandaaji wazuri huziba pengo kwa kipande cha rekodi nyingine ya usiku ule ule na kukitaja kwenye maandishi, pamoja na dakika na sekunde kinapoanzia.

Nitajuaje kama rekodi inakwenda kasi isiyo sahihi?

Kasi ikizidi kwa asilimia 6, muziki wote hupanda karibu nusu toni. Kwa kosa dogo zaidi ya hilo, tumia mvumo wa umeme. Umeme wa Marekani ni Hz 60, na mvumo wake huingia kwenye mkanda kupitia amplifaya na nyaya.

Fungua rekodi kwenye programu ya Audacity, chagua kipande kimya kati ya nyimbo, kisha chora masafa yake kwa dirisha la sampuli 65536. Kilele cha Hz 60 pekee hakitoshi, kwa sababu kwa dirisha hilo unapima kwa hatua za Hz 0.67; tafuta vilele vya 180 na 300, ambapo tofauti ni kubwa na rahisi kuisoma. Ukikuta 306 badala ya 300, mkanda unakwenda haraka kwa asilimia 2. Gawanya 300 kwa 306, upate 0.980, na hicho ndicho kizidisho cha kasi. Tumia chaguo linalobadili kasi na noti kwa pamoja; lile linalobadili noti pekee litaharibu sauti. Pima mwanzoni, katikati na mwishoni mwa kila upande wa kaseti, kwa kuwa betri za deki zilizokuwa zikiisha hubadili kasi kidogo kidogo. Kwa shoo za ziara ya Ulaya ya 1972, kumbuka kuwa umeme wa huko ni Hz 50.

Matoleo rasmi ya miaka ya karibuni mengi hutumia teknolojia ya Plangent, inayosoma mabaki ya ishara ya masafa ya juu ambayo deki yenyewe iliacha kwenye mkanda asilia na kuyatumia kama saa. Kwenye nakala ya kaseti mbinu hiyo haina cha kushika.

Naruhusiwa kupakua?

Bendi iliruhusu kurekodi na kubadilishana bila malipo. Kuuza, hapana. Internet Archive ina mkusanyiko mkubwa kuliko wote. Tangu mwishoni mwa 2005, baada ya mvutano uliowagusa mashabiki wengi, utaratibu ni huu: AUD zinapakuliwa, SBD husikilizwa hapo hapo mtandaoni tu. Ukitaka SBD mkononi, nunua matoleo rasmi: mfululizo wa Dick's Picks, juzuu 36 kuanzia 1993, na wa Dave's Picks unaotoka tangu 2012.

Fikiria bando lako kabla ya kubofya. Shoo ya saa tatu kwa FLAC ya biti 16 ni GB 1 hadi 1.2, ya biti 24 kwa kHz 96 huzidi GB 3, MP3 ya kbps 192 ni kama MB 260. Kwa AUD ya kaseti, biti 16 zinatosha kabisa kusikiliza. Kelele ya kaseti iko juu sana kuliko ile ya biti 16, hivyo nafasi ya ziada utakuwa unaijaza "shhh" iliyopimwa kwa uangalifu.

Nimepakua. Nihakikishe vipi kuwa faili ni nzima?

Kwenye folda tumia amri flac -t *.flac, faili iliyokatika itajitaja. Kisha linganisha alama za utambulisho: metaflac --show-md5sum *.flac, na uziangalie dhidi ya faili ya .ffp iliyokuja na rekodi. Faili ya .md5 hubadilika ukiandika jina la wimbo ndani ya faili, ila .ffp haibadiliki kwa sababu inapima sauti tu. Kwa hiyo .md5 ikikataa na .ffp ikakubali, sauti ni salama.

Ukishuku kuwa FLAC imetengenezwa kutoka MP3, angalia picha yake ya masafa kwa programu ya Spek. Ukingo ulionyooka kama rula karibu kHz 16 ni ushahidi mzito. Mkanda wa zamani nao hauna mengi huko juu, lakini hufifia taratibu, haukatwi. Faili ya namna hiyo isikilize ukipenda, usimpe mtu.

Nyimbo zilizounganishwa zinaruka au kunyamaza kidogo kwenye simu yangu.

MP3 hufungasha sauti kwa vipande vya sampuli 1,152 na kujaza ukimya pale wimbo usipotosha kipande kizima, hivyo pengo hutokea kila unapoingia wimbo mwingine. Tumia FLAC na kichezaji kinachounganisha bila pengo, kama foobar2000 au Poweramp, na uzime kipengele cha kufifisha sauti kati ya nyimbo.

Nataka kutengeneza MTX yangu. Ugumu uko wapi?

Uko kwenye muda. Sauti hutembea karibu mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo maikrofoni iliyo mita 30 kutoka kwenye spika imechelewa milisekunde 87 nyuma ya mikisa. Hilo ni rahisi: tafuta pigo moja la ngoma ya snea kwenye rekodi zote mbili, sogeza AUD hadi yalingane. Tatizo ni kwamba deki mbili haziendi kasi moja. Hata dijitali: kichakataji cha Sony PCM-F1 kilirekodi kwa kHz 44.056, na mkanda wake ukihamishwa kama kHz 44.1 huenda haraka kwa asilimia 0.1. Sikio halilijui hilo, ila kwa sehemu ya dakika 90 ni sekunde 5.4 za tofauti.

Iache SBD kama msingi. Pima umbali kati ya pigo la mwanzo na pigo la mwisho kwenye kila rekodi, gawanya, rekebisha kasi ya AUD, kisha linganisha tena. Kwa kaseti fanya hivyo wimbo kwa wimbo. Punguza besi ya AUD chini ya Hz 80, kwa sababu huko ndiko rekodi mbili zinapogongana na kuleta ukungu, na anza na AUD ikiwa desibeli 6 chini ya SBD. Ukisikia snea ikipiga mara mbili, bado hujafika.

Shoo za Misri zikoje?

Bendi ilipiga usiku tatu chini ya piramidi za Giza, tarehe 14 hadi 16 Septemba 1978, na usiku wa mwisho mwezi ulipatwa. Hamza El Din, mwanamuziki wa Kinubi, alishiriki pamoja na waimbaji na wapiga makofi wa Kinubi, na mwendo wao uliingia hadi ndani ya upigaji wa bendi. Hapo ndipo pa kusikiliza kwanza. Kama upigaji wa bendi, si usiku wao bora: piano ilikuwa nje ya tyuni, na Bill Kreutzmann alipiga ngoma akiwa ameumia mkono. Toleo rasmi la 2008 limechukua usiku wa pili na wa tatu.

Nina kaseti za zamani. Nizihamishe vipi?

Njia ni ile ile kwa kaseti yoyote, hata za bendi zetu za dansi zilizonaswa ukumbini, ambazo nyingi zimebaki nakala moja tu na zinahitaji kazi hii haraka zaidi.

Safisha hedi na roli ya mpira kwa pamba na spirti ya isopropili. Peleka kaseti mbele hadi mwisho kisha irudishe, ili mkanda ujilegeze. Halafu rekebisha azimuthi, yaani mwinuko wa hedi: sikiliza kwa mono na uzungushe skrubu ndogo ya pembeni mwa hedi taratibu hadi matoazi yasikike makali zaidi. Kila kaseti inataka pake, kwa kuwa kila deki iliyorekodi ilikuwa na mwinuko wake. Ukiruka hatua hii unapoteza sauti za juu ambazo programu yoyote haitazirudisha.

Rekodi kwa biti 24, kHz 48 au 96, kilele kisipite desibeli 6 chini ya kikomo. Zima Dolby kama huna hakika. Inaweza kufunguliwa baadaye, lakini iliyofunguliwa kimakosa hairudi. Usiondoe kelele kwa programu kwenye nakala ya kuhifadhi. Andika faili ya maandishi siku hiyo hiyo: tarehe na mahali pa shoo, aina ya kaseti, deki iliyoicheza, kifaa kilichorekodi, na ni nakala ya ngapi kama unajua. Kaseti yenyewe vunja kile kijilango cha plastiki cha juu ili isirekodiwe tena, na uihifadhi wima mbali na spika.